Laptopu Yataka Ram, Mzee Hajibu

Wale mlionisoma Jumapili iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni mwa studio yangu mjini Kitale, simu sikioni, mvua ikinyesha na mimi natoka jasho. Mama Roselyne wa Kamukuywa alikuwa amesema maneno manne tu.

"Jairus, leta mzee aongee."

Kwa wanaoanza leo, nitafupisha, na tafadhali msinihurumie. Mimi ni mpiga picha, mchapaji wa barua, mtengenezaji wa kadi za harusi na programu za mazishi. Mwaka 2006 Mzee Wanyonyi, mumewe Mama Roselyne, alisherehekea miaka arobaini ya ndoa, nikaitwa kupiga video. Wageni walipokuwa wakila, mzee aliniita sebuleni, akafunga mlango, akaniambia niwashe kamera. Akaongea robo saa nzima. Yalikuwa maneno ya mkewe, ayasikie siku mwenyewe atakapokuwa hayupo.

"Weka kwa kompyuta yako," akaniambia. "Hapa nyumbani watoto wataharibu."

Nikaweka. Mwaka uliofuata mzee akaugua koo, sauti ikakatika kabisa, akawa anaongea kwa mikono hadi alipofariki Agosti hii ya 2008. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya laptopu yangu.

Na mimi nilikuwa nimeshaifuta.

Niliifuta kwa sababu ya madirisha ya kioo. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alileta kompyuta mpya yenye Vista, Windows mpya, ile ambayo dirisha likifunguka unaona vya nyuma yake, halafu likifungwa linapaa na kupotea. Wateja wangu wakawa wanavuka barabara kwenda kutazama madirisha yakipaa. Roho iliniuma.

Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, imetoka ofisi ya watu imeshachoka. Nikaazima diski ya Vista. Ikaniambia nafasi haitoshi. Nikaanza kufuta bila kusoma majina. Video ndefu, futa. Video ndefu nyingine, futa. Vista ikaingia, lakini kioo ikakataa kukionyesha, ati mashine haifai. Nikailazimisha kwa ujanja niliofundishwa saiba, duka la intaneti. Nilipoyapata madirisha yangu nilikaa siku nzima nikiyafungua na kuyafunga, sina kazi nyingine yoyote.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa twendeni Kamukuywa.

Nilikwenda nikiwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa kwamba laptopu itakwama. Tangu niiwekee Vista, ilikuwa naiwasha, naenda kunywa chai hotelini, narudi, na bado inanikaribisha. Nilijua nikiifungua mbele ya watu itakwama tu. Nitasikitika pamoja na wafiwa, nitaahidi kuileta video siku nyingine, na siku hiyo haitafika. Ndiyo akili niliyokuwa nayo, nikaivalia na tai.

Ilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi, mazishi yakiwa kesho yake. Sebule ilikuwa imefungwa madirisha kwa blanketi, shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta imeazimwa kanisani. Waliokosa nafasi ndani walijazana mlangoni wakipitisha habari kwa walioko uani.

Mbele kabisa alikaa Mwalimu Wepukhulu, mdogo wake marehemu. Huyu alifundisha Kiingereza shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na bado hajastaafu mdomoni.

"Kijana, anza."

Nikawasha. Tukangoja. Kwaya huko nje ikaimba wimbo mmoja, ikamaliza. Ikaanza wa pili.

"Inafanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Inajiandaa, Mwalimu."

"Inajiandaa kuenda wapi?"

Nikaunganisha projekta. Mara skrini yote ikafifia, kikajitokeza kiboksi katikati. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani, halafu akawageukia wafiwa.

"Inataka luhusa."

"Ruhusa ya nani?" akauliza mchungaji, aliyekuwa amesimama kando kututafsiria maneno ya Kizungu.

"Haijasema. Ya familia, nafikili."

"Si mimi ndio mjane?" Mama Roselyne akasema. "Mimi nimepeana. Iendelee tu."

Nikabonyeza. Ikauliza tena.

"Mama amesema nini?" Mwalimu akaikemea laptopu. "Wewe husikii?"

Hatimaye ikakubali. Nikafungua picha ya mzee, ile aliyovaa kaunda suti, akiwa na kalamu mbili mfukoni. Dirisha likapanuka polepole ukutani, kingo zake za kioo zikimeremeta. Wamama wakalia. Mmoja akasema hata jeneza lenyewe halina kioo kizuri namna hiyo. Mimi, badala ya kuona haya, nikaona fahari.

Nikabonyeza kitufe kana kwamba natafuta video. Kiduara cha buluu kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka, na uso wa mzee ukaanza kupauka mbele yetu mpaka shuka lote likawa jeupe. Juu kabisa kulibaki jina lake, na pembeni ya jina maneno mawili.

Mwalimu akasoma. "Mzee Wanyonyi, not responding."

Mchungaji alikuwa akitafsiri tangu asubuhi. Mdomo ukamtangulia.

"Mzee Wanyonyi hajibu," akatangaza.

Kisha mtu wa mlangoni akapitisha habari nje, "Ati mzee ameitwa, hajibu." Ilipofika kwa kwaya ilikuwa, "Mzee amekataa kujibu." Ilipofika jikoni kwa wapishi, mzee alikuwa amekasirika na kuna jambo analolidai.

Nakiri niliuma ulimi nisicheke. Mazishini, mbele ya mjane.

"Shida ni gani, kijana?" Mwalimu akauliza.

Nikaweka uso wa daktari mwenye habari mbaya, nikasingizia kumbukumbu ya mashine. "Mwalimu, hii kitu lam yake ni kidogo."

"Lam?"

"Ndio. Bila lam ya kutosha haiwezi fungua video. Hata tukae hapa mpaka Krismasi."

Mwalimu akavua miwani. "Umesema lam ama ram? Hizo ni vitu mbili. Nimefundisha hiyo somo mimi."

Nilikuwa nimesahau kwamba nami nilizaliwa Bokoli, na ulimi wetu huko hauziheshimu sana hizo herufi mbili. Nikauzungusha kwa uangalifu.

"Ram, Mwalimu. Na r."

"Ram ngapi?"

"Ikiongezwa moja inatosha."

"Na inaweza patikana hapa?"

"Hapana!" nikasema haraka. "Hapa Kamukuywa hakuna kabisa. Hata Kitale ni kubahatisha. Labda Nairobi."

Mwalimu akaniangalia kwa huruma kubwa. "Kijana, wewe umekaa town sana," akasema, kisha akatoka nje na wazee wawili.

Nikafunga laptopu nikiwa na amani ya mwizi aliyefika kwake salama. Saa sita u nusu nilikuwa nyuma ya nyumba nakula ugali na kunde, nikipanga nitakavyoaga mapema, nikasikia kondoo akilia.

Nikainua macho. Mwalimu Wepukhulu alikuwa anakuja na kondoo dume mweupe, mnene, mwenye pembe za kujikunja, amefungwa kamba shingoni. Nyuma yake walikuwa wazee wasiopungua kumi.

"Ram ndio hii," akasema.

"Ya nini, Mwalimu?"

"Ya nini tena? Si mzee ameitwa, hajibu? Si wewe ndio umesema mpaka iongezwe ram? Nilikuuliza vizuri, ni lamb ama ni ram. Lamb ni mtoto. Ram ni mume mzima. Ukasema ram, na r."

Tonge lilikuwa bado mdomoni. Kabla sijalimeza, mchungaji akafika mbio, Biblia kwapani.

"Mwalimu, hii ni boma ya Kikristo! Marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Hatuwezi chinja kondoo ati ndio maiti iongee."

"Mchungaji, si wewe mwenyewe ndio ulitangaza hajibu?"

"Nilikuwa natafsiri!"

"Basi tafsiri na hii kondoo."

Pakawaka moto. Watu wa kanisa wakasogea upande wa hema, watu wa ukoo upande wa jikoni. Mchungaji akasema damu ya kondoo ikimwagika kwa sababu hiyo, kanisa halitazika kesho. Mzee mmoja wa ukoo akasema hata asipozika, makaburi yalichimbwa kabla ya kanisa kuja. Uongo wangu wa asubuhi ulikuwa sasa umegawanya mazishi katikati.

Ndipo Mama Roselyne akatoka ndani, watu wakampisha.

Kondoo alikuwa wake. Mzee alimletea kutoka soko la Kamukuywa mwaka ule alioanza kuugua, akamwonyesha kwa mikono kwamba huyu ni wa kukufuata mimi nisipoweza. Na kweli alikuwa akimfuata mpaka kisimani. Hata pale alipomwona alivuta kamba kumwendea.

Mama akamshika kichwa. "Mchungaji, mimi sijui ram ni nini," akasema. "Mimi nataka sauti yake mara moja tu. Sauti nilinyimwa kabla yeye hajakufa. Kondoo nitapata ingine. Mungu atanisamehe, hata wewe utanisamehe."

Mchungaji akainamisha kichwa, akarudi upande wa hema.

Mama akanigeukia. "Jairus, wewe ndio fundi. Nikitoa huyu, nitamsikia?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa moja tu, nimefuta, na lilikuwa limekaa mdomoni tayari. Nikamwangalia mama, nikamwangalia kondoo, kondoo naye akaniangalia. Nikasema, "Ndio, mama."

Nimefanya mambo mengi ya aibu katika hadithi hii, mnayajua, na mengine mmenicheka nayo. Hili msinicheke. Nilimtazama mwanamke akimfungua kamba mnyama wake mwenyewe na kumkabidhi kwa wenye kisu, na mimi nikashika tai yangu nikaiweka sawa.

Saa nane kondoo alikuwa sufuriani. Fundi akaletewa ini kwa heshima. Nililila kwa shida, lakini nililimaliza.

Nilikuwa bado natafuta njia ya kutoroka pale pikipiki iliposimama langoni. Akashuka Jepkorir, mke wa kifungua mimba wa mzee, anayefundisha kompyuta chuo kimoja cha Kitale. Alikuwa na mkoba begani na haraka.

"Nani anatafuta ram?" akauliza. "Nimepigiwa simu, nimekuja nayo."

"Umechelewa, msichana," Mwalimu akamwambia. "Tulishachinja."

"Mlichinja nini?"

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye sufuria. Jepkorir akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akachuchumaa. Kisha akakumbuka yuko mbele ya wakwe, akasimama na kuvuta leso kichwani.

Akatoa mkobani kitu kilichofungwa kwa karatasi laini, kipande chembamba cha kijani kisichozidi kidole. Mwalimu akakipokea, akavaa miwani, akakigeuza juu chini.

"Hii ndio ram?"

"Ndio, baba. Hii ndio laptop hutumia ikifikiria."

"Hii kitu ndogo hivi ndio dume?"

Jepkorir hakungoja kumjibu, akakichukua, akaingia sebuleni. Akaigeuza laptopu yangu mgongo, akafungua skrubu mbili kwa bisibisi ndogo, akachomeka, akafunga, akawasha. Watu walikuwa wamerudi sebuleni wote, wa kanisa na wa ukoo, wengine na mfupa mkononi. Ikawaka kabla kwaya haijamaliza ubeti. Madirisha ya kioo yakaruka ukutani moja baada ya jingine, laini kabisa, yakipaa na kutua. Ndivyo nilivyoyaota tangu Aprili.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akapiga kuliko wote, na nikaona wazi kwamba nusu ya sifa anampa kondoo aliyemleta.

Ilikuwa siku nzuri kuliko zote katika maisha ya laptopu ile, na mimi nilikuwa naomba iungue.

"Video iko wapi, Jairus?" Jepkorir akauliza.

"Iko hapo hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo ndani."

Akatafuta kwa jina la mzee. Ikaja picha ya kaunda suti peke yake. Akatafuta kwa mwaka. Akatafuta video zote, zikaja tatu za harusi ya juzi huko Naitiri. Vidole vyake vikasimama. Alipozungumza tena alizungumza chini chini, nisikie mimi tu.

"Vista uliweka lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na vitu vya zamani uliweka wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Jairus. Utawaambia wewe, ama niwaambie mimi?"

Nikasimama.

"Mama," nikasema. "Mama Roselyne, video hakuna. Niliifuta mimi. Nilitaka nafasi ya kuweka hizi dirisha za kioo mnaona hapa. Nilijua tangu asubuhi. Hiyo mambo ya ram ilikuwa uongo, nilitaka tu mchoke, mniache niende."

Kisha sauti ikatoka mlangoni, "Kwa hivyo kondoo ya mama imekufa bure?" Mwalimu Wepukhulu akainuka polepole. Alikuwa bado na kisu cha kuchinjia, anakipangusa kwa jani la mgomba, na alikipangusa kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Mchungaji akamshika mkono akamketisha. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo wawili hao kukubaliana.

Mama Roselyne hakulia. Aliinuka, akaja akavuta kiti, akakaa mbele yangu, goti kwa goti.

"Siku ile ulikuwa na yeye ndani. Mlango ilikuwa imefungwa."

"Ndio, mama."

"Basi ulisikia."

"Mama, nilikuwa nakula kuku. Nilisikia nusu."

"Lete hiyo nusu."

"Mama, mimi siwezi..."

"Anza na jina langu. Aliniita aje?"

Hapo mnijue vizuri. Mzee hakuweza kulitamka jina la mkewe hata siku moja. R na l zilibadilishana viti mdomoni mwake, na mimi nilikuwa nimejifunza kumwigiza barabara, sauti nzito, kikohozi mwanzoni, na yote. Nilikuwa nikiigiza studio Kitale wateja wakishika mbavu. Hiyo ndiyo sauti ya pekee ya Mzee Wanyonyi iliyokuwa imebaki duniani, na ilikuwa mzaha wangu.

Nikakohoa.

"Loserini," nikasema. "We, Loserini. Mama ya watoto yangu."

Mama Roselyne akafumba macho. "Ee, baba," akaitika, taratibu tu, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Wamama wakafunika nyuso. Mimi nililia, tena kwa kelele, tai yote ikalowa.

"Endelea," akasema, macho bado yamefumbwa.

Nikaendelea kwa sauti ile ile. Nikamwambia mzee alisema anajua nani alivunja ledio yake mwaka 1979, na kwamba alijua siku ile ile. Mama akacheka na machozi yakamtoka pamoja. Nikamwambia mzee alisema chai yake haijawahi kuwa mbaya ila mara mbili, na mara zote mbili walikuwa wamegombana. Sebule nzima ikacheka. Hata mchungaji.

"Endelea, Jairus. Halafu akasema nini?"

Nikafungua mdomo, na hapo nikakumbuka. Baada ya chai mzee alisogeza kiti karibu na kamera, akashusha sauti, na maneno yaliyofuata yalinifanya niweke kuku chini. Nusu ya kwanza niliisikia nikitafuna. Hii niliisikia yote.

Ilianza na jina la mdogo wake, Wepukhulu, ikaishia kwenye shamba la mzee huko Naitiri. Na haikuwa ya kumsifu. Hakuna mwingine aliyeisikia duniani, ila mimi, ambaye watu wote wa sebule ile walikuwa wamejua kwa muda wa robo saa kwamba ni mwongo.

Mama Roselyne akafumbua macho, akaniangalia.

Mwalimu naye akavuta kiti chake mbele, kisu kimelala juu ya goti.

"Endelea, kijana," akasema. "Ndugu yangu alisema nini tena?"